Vichanja vya Tabitha

Enoch Lathom aliporudi tena nyumbani na bega tupu, mkewe Margery alikata shauri kwamba kuna mwanamke.

Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Pale Liverpool, mtaa mzima wa mafundi wa meli uliishi kwa haki ya bega. Fundi akitoka kazini jioni huruhusiwa kubeba mabaki ya mbao, kadiri bega lake moja linavyoweza, na bawabu wa karakana humfungulia lango bila swali. Mbao hizo ndizo kuni za nyumba. Ndizo stuli za jikoni, ndizo susu za watoto, na mwaka ukiwa mbaya ndizo majeneza yao. Mwanamume mwenye kazi asiyerudi na mbao ana mambo mawili tu: ama kaziuza akazinywea, ama kuna mlango mwingine aliopitia kwanza. Na Enoch hakuwa ananuka pombe.

"Shoga, mbona dohani yako haitoi moshi?" aliuliza Peg Rimmer, jirani wa ukuta mmoja, ameegemea mlango wake, mikono kaificha ndani ya aproni.

"Makaa ya jana hayajaisha."

"Ya jana tena! Basi makaa yako yana baraka, kama mafuta ya yule mjane wa Sarepta." Peg akacheka, kisha akashusha sauti. "Rimmer wangu jana kanijazia mbao mpaka sina pa kukanyaga. Mbao mpya za msonobari, zinanukia. Kwani yeye na Enoch hawatengenezi meli moja?"

"Meli moja."

"Tabitha."

"Ndiyo, Peg, Tabitha. Unataka nikuambie na rangi yake?"

Rangi yake kila mtu aliijua. Wakati wa vita mfalme aliipa Tabitha kibali cha kuwinda meli za biashara za adui, na kila iliporudi mtoni na meli ya watu nyuma yake, mtaa ulitoka na masufuria kuipigia kelele. Enoch alikuwa seremala wake. Walipoikamata meli ya sukari ya Wafaransa, fungu lake la ngawira lilimtosha kuoa, kupanga nyumba ya vyumba viwili na kununua kitanda chenye nguzo nne. Halafu amani ikaja. Amani ni kitu kizuri, wahubiri wote walisema hivyo, ila hakuna mhubiri aliyeachishwa kazi kwa sababu yake. Mizinga ikateremshwa, Tabitha ikafungwa gatini, na mafundi wakakaa vibarazani kuhesabu ndege wa mtoni.

Kwa hiyo wenye meli walipoiingiza karakanani iandaliwe safari mpya, Margery alilia kwa furaha. Tena Nahodha Crewdson mwenyewe alituma neno: anamtaka Enoch awe seremala wake kama zamani, na jibu analitaka Jumamosi. Kodi ya nyumba ilikuwa imelala. Tumbo la Margery lilikuwa limeshamtangulia kila mlango anaoingia. Jibu gani la kufikiria hapo? Lakini Enoch alikuwa hajajibu, na sasa harudi na kuni.

Usiku ulikuwa haujaingia vizuri mke alipomkabili.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo anayeota moto wangu."

Enoch aliweka kijiko. Mbele yake palikuwa na viazi vilivyochemshwa kwenye jiko la Peg, na Margery alikuwa ameomba nafasi hiyo kwa aibu kubwa. "Hakuna mtu, Margery. Mbao naziacha kazini."

"Unaziacha! Kuni zinaachwa?"

"Sitaki mbao za meli ile humu ndani."

"Meli ile ndiyo iliyokununulia hicho kitanda. Na hicho nacho umekisusa. Unalala kitini kama mlinzi wa ghala. Mimi sina macho?"

Enoch alikuwa mtu mrefu kuliko wote mtaani. Akaenda kwenye kiti chake, akajikunyata. Margery akalala peke yake katika kitanda cha nguzo nne, akilia kwa hasira, akipanga namna atakavyowafumania.

*

Kesho yake, kengele ya jioni ilipokaribia, alijibanza nyuma ya marundo ya kamba nje ya lango. Wake wengine walikuwa wamesimama wazi wakiwangoja waume na mbao zao. Mafundi wakaanza kutoka, kila mmoja na tita lake begani.

Enoch naye alikuwa na tita. Margery alimwona kwa macho yake akilileta mpaka hatua moja kabla ya lango. Hapo akasimama, akalishusha taratibu ukutani kando ya bawabu, akajifuta bega kwa kiganja kana kwamba limeshika lami, akatoka mikono mitupu. Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na vijana wa karakana nyuma yake, wakiinamisha vichwa juu ya viganja kama watu waliosinzia.

"Lala, Lathom, lala! Kesho tena kitandani kwa Bwana Halsall!"

Wanawake wakacheka bila kujua wanacheka nini, kama watu wafanyavyo. Margery alitamani ardhi immeze. Alimwacha mumewe apite, akamshika mkono Rimmer, mume wa Peg.

"Shemeji, wanamcheka nini?"

"Si kitu. Utani tu." Rimmer alihamisha tita lake bega la pili, ingawa halikuwa zito. "Yeye ndiye mrefu. Msimamizi humlaza chini apimie vichanja."

"Vichanja vya kuweka nini, hata mtu alazwe?"

Rimmer akatazama viatu vyake. "Muulize mwenyewe, shemeji. Mimi nina watoto wanne."

Margery alimkimbilia Enoch, akamfikia penye daraja dogo, pumzi imemwishia. Hakumuuliza tena juu ya mwanamke. "Vichanja vya nini?"

"Vya watu," Enoch alisema.

Watu wawili walipita na toroli la samaki, akangoja wapite. "Tabitha haiendi tena kuwinda meli. Inakwenda pwani ya Gini kununua watu, iwapeleke visiwani kwenye mashamba ya miwa. Pale ilipokuwa mizinga tunazungusha vichanja, watu wapangwe juu na wengine chini yao. Msimamizi, Halsall, hunilaza mimi. Anasema, akienea Lathom ataenea yeyote. Juzi nililala, ubao wa juu ulikuwa umbali wa mkono kutoka puani. Akasema nafasi imezidi, teremsha. Nikainuka nikauteremsha mwenyewe, Margery. Kwa nyundo yangu." Akajifuta bega tena. "Nikilala kitandani nauona ule ubao."

Margery hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa malaika. Alikuwa mke mwenye mimba na dohani baridi. Jambo la kwanza lililomjia ni nafuu kwamba hakuna mwanamke, na la pili ni hesabu.

"Usipovijenga wewe atavijenga Rimmer. Rimmer akikataa, atavijenga mwingine. Vitajengwa tu."

"Najua."

"Na meli nyingine ya kukuajiri iko wapi?"

"Haipo."

"Basi?"

"Basi ukisema niende, nitakwenda," Enoch alisema. "Sitakuacha na mtoto mkafe njaa kwa ajili ya ndoto zangu. Ila usiseme kabla hujaiona."

"Tabitha? Nimeiona mara mia."

"Umeiona kwa nje."

*

Jumamosi Margery alimpelekea mumewe chakula mpaka ndani ya meli. Bwana Halsall, msimamizi, alimpokea kwa ukunjufu wote. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu, mpenda kazi safi, na aliamini kwamba mke wa fundi aje kuona meli ni heshima kwake yeye.

"Angalia kichwa, Bibi Lathom, humu ni pafupi. Nipe mkono. Naam."

Macho yalipozoea giza aliona sitaha ambayo zamani Enoch alimwonyesha kwa majivuno, mizinga ikiwa imepangwa kushoto na kulia. Matundu ya mizinga yalikuwa yamewekwa nondo. Kuzunguka pande zote palikuwa na vichanja vipya vya msonobari, vimepigwa randa vizuri, vinanukia kama sebule ya tajiri. Mbele kabisa alimwona Enoch amepiga magoti na tezo yake. Hakugeuka.

"Bwana wako katusaidia sana," alisema Halsall. "Huku mbele wanaume. Pale nyuma, baada ya ukuta ule wa mbao, wanawake."

"Ndiyo, wanawake," alisema Margery. Alikuwa hajawafikiria wanawake. Mwenyewe alishangaa kwamba hakuwa amewafikiria.

Akasogea nyuma ya ule ukuta, akavua kofia yake, akaiweka chini. "Nataka kulala hapo."

"Unasemaje?"

"Hapo, katikati. Si mume wangu anaombwa aondoke na meli hii? Nataka kujua kazi yake."

Halsall akacheka, akatazama huku na huku, akaona vijana wameshaacha kupiga misumari. "Haya basi, ukitaka. Kizuri hakikatazwi kujaribiwa."

Aliingia kwa kutambaa, magoti kwanza, sketi zikimnasa. Alipojilaza chali tumbo likagusa ubao wa juu. Akashusha pumzi yote ili lishuke, na liliposhuka akaona kwamba hawezi kuvuta nyingine mpaka liguse tena. Mtoto hakupenda. Alipiga teke, na Margery akalisikia lile teke likigonga ubao, kofi dogo juu ya mbao. Akajaribu kugeuka ubavu, jinsi alivyokuwa akilala kila siku tangu mimba ikue. Bega halikupita.

"Bwana Halsall."

"Naam, Bibi Lathom."

"Mwanamke wa hali kama yangu mnamweka wapi?"

"Hapo hapo. Kila mmoja na sehemu yake."

"Muda gani?"

"Kutegemea upepo. Wiki sita, wiki nane. Upepo ukigoma, zaidi."

"Akitaka kugeuka?"

Kwenye mchoro wa Halsall hilo halikuwepo. "Wanageuka wote kwa pamoja," alisema, "wakiamriwa."

Margery alitaka kutoka, hakuweza. Kuingia alikuwa ameingia kwa magoti, lakini kutoka na tumbo lile hapakuwa na pa kuweka mkono ajisukume. Hofu ikampanda, hofu ya kweli, ya mnyama. Akaita jina la mumewe kwa ukelele. Enoch alikuja mbio, akamshika miguu akamvuta nje, sketi zimepanda magotini mbele ya vijana wote. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, yule aliyekuwa bingwa wa kusema "Lala, Lathom," aliokota kofia yake akampa bila kumtazama usoni.

Walipopanda juu kwenye mwanga, Nahodha Crewdson alikuwa anapanda ngazi, koti zuri, kiko mdomoni.

"Aa, Lathom! Na Bibi. Nimekuja kuchukua jibu langu."

Enoch akamtazama mkewe. Margery alikuwa na vumbi la mbao nyweleni.

"Haendi," alisema.

"Sikukuuliza wewe, mama."

"Alilosema yeye ndilo langu," alisema Enoch.

Nahodha akakitoa kiko mdomoni. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyeambiwa mkate umekwisha dukani. "Umewapiga risasi Wafaransa ukiwa nami, hukusema neno. Leo umekuwa mtakatifu?"

"Wafaransa walikuwa wananipiga pia, bwana."

"Ukishuka ngazi hii, hakuna karakana mto huu itakayokupa hata kazi ya kufagia. Na meli itaondoka vilevile. Uwepo usiwepo."

"Itaondoka," alisema Margery. "Ila haitaondoka naye."

Enoch akashuka kukusanya vyombo vyake: tezo, msumeno, nyundo mbili. Rimmer alimsaidia kufunga mfuko.

"Mimi nina watoto wanne, Enoch," alisema tena, safari hii kwa sauti ya kuomba.

"Najua, ndugu yangu. Sijakuuliza."

*

Kitanda cha nguzo nne kililipa kodi iliyolala. Peg alikuja kuwaaga na samaki wakavu waliofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameshasikia yote, maana mtaani hakufichiki kitu.

"Na mimi nilidhani ni mwanamke," alisema.

"Hata mimi."

"Afadhali angekuwa mwanamke, shoga. Tungemwendea mlangoni tukamsuta, yakaisha." Akamkumbatia, akalia begani kwake, kisha akarudi kwake ambako dohani ilikuwa inafuka moshi wa mbao za Tabitha. Hakuna aliyemlaumu. Watoto wanne ni watoto wanne.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, na Margery angeliomba pasiwe hapo. Baba yake, Mzee Josiah Platt, aliunda mashua za kubebea chumvi kwenye Mto Weaver, bara kidogo. Margery alipoolewa na seremala wa baharini bila ridhaa ya babake, mzee alimwambia, "Nenda. Ila usirudi kunililia kwamba maji yana chumvi." Tangu hapo hawakusemeshana.

Walimkuta karakanani, anachemsha lami. Alimtazama binti yake, akalitazama tumbo, akamtazama mkwewe na mfuko wa vyombo.

"Vipi, meli yenu ya ngawira imezama?"

"Haijazama, baba. Ndiyo balaa yenyewe."

Akamweleza, wamesimama hivyo hivyo, bila kukaribishwa kukaa. Alipofika kwenye teke la mtoto alilia, akaacha hapo. Mzee Platt alikuwa mtu mgumu, na hakujua la kuwafanyia watu wanaolia. Alikoroga lami yake muda mrefu, mpaka ikaanza kuungua.

"Umewahi kuunda mashua ya tumbo bapa?" alimuuliza Enoch.

"Sijawahi, mzee."

"Haina mizinga. Haina sanamu ya dhahabu mbele. Inabeba chumvi, inarudi, inabeba tena."

"Chumvi ni nzuri."

"Mshahara ni nusu ya uliouzoea. Na haki ya bega hapa hakuna, mimi si tajiri. Kuni utanunua kama watu wengine."

Enoch akacheka. Margery alikuwa hajasikia kicheko hicho tangu vuli. "Nitanunua, mzee."

"Basi kesho alfajiri. Usichelewe." Mzee akaipua lami, na bila kugeuka akasema, "Margery, mama yako yuko ndani. Ukimwambia nimekusimamisha nje na hali hiyo, ataniua."

*

Tabitha iliondoka. Tusidanganyane: vichanja vilimaliziwa na mikono mingine, na meli ikateremka mto na matanga yake mapya. Mtoto wa Margery alizaliwa majira ya kuchipua, msichana mwenye mapafu makubwa, na babu yake aliyekuwa hana muda na mtu akapata muda. Enoch alijifunza mashua za tumbo bapa. Hawakutajirika. Walikula.

Miaka minne baadaye akapita mgeni aliyepanda farasi, kijana wa koti jeusi, mwenye uso wa mtu asiyelala. Alikuwa anazunguka nchi akiulizia habari za meli za watumwa, kwa kuwa kulikuwa na watu waliotaka kuipeleka biashara hiyo mbele ya Bunge. Kule Liverpool alifungiwa milango. Mabaharia walimkwepa na mafundi wakajitia viziwi. Mtu mmoja tu, mwenye watoto wanne, alikuwa amemnong'oneza gizani jina la Enoch Lathom.

Walimketisha jikoni kwa Mzee Platt. Enoch alijua maana ya kusema. Chumvi yote ya mto ule huuzwa Liverpool, na wenye meli wana kumbukumbu ndefu. Akamtazama mkwewe.

"Waache wasinunue," alisema Mzee Platt. "Tuone watakula nyama bila chumvi."

Basi Enoch akasema yote, jinsi alivyolazwa, jinsi ubao ulivyoteremshwa. Mgeni aliandika, lakini alipofika mwisho alikuna kichwa.

"Ni ushahidi mzuri, Bwana Lathom. Ila nitakuwa mkweli. Wenye meli wameapa kwamba nafasi inatosha, watu wanalala kwa raha. Watasema wewe ni fundi aliyefukuzwa, una kinyongo. Na watauliza, nani aliyelala humo akarudi kusema?"

Margery alikuwa anakanda unga wa mkate, msichana wake kakaa chini ya meza, miguu ya mama ndiyo nyumba yake. Akaacha kukanda. Alikuwa anaogopa, na hofu ilikuwa ile ile ya siku ile, imemkaa kifuani kama ubao. Lakini safari hii kulikuwa na mtu mwenye kalamu.

"Andika na langu," alisema.

Mgeni akamgeukia kwa upole, jinsi watu wanavyomgeukia mwanamke mwenye unga mikononi. "La kwako, mama? Wewe uliyajuaje ya ndani ya meli?"

Margery akajifuta mikono, akavuta kiti, akaketi mezani pamoja na wanaume.

"Naitwa Margery Lathom. Nililala humo," alisema, "na sikuweza kugeuka."